Mama Mbele ya Lango la Shule: Wanawake Wahamiaji na Utangamano katika Jamii za Wachache Wazungumzao Kifaransa Nchini Kanada, 1912–2023

Utangulizi

Mwanamke aliyezaliwa Uvira au Bukavu, akalelewa kwa Kiswahili, akafundishwa shuleni kwa Kifaransa, kisha akahamia Ontario, hukutana na swali moja linalorudi kila mara: lugha yako ni ipi? Huulizwa na fomu ya sensa, huulizwa na shule anapowapeleka watoto kuandikishwa, na huulizwa na ofisi ya huduma kwa wageni. Jibu lake la kweli ni Kiswahili. Jibu ambalo lingemfungulia milango ni Kifaransa. Insha hii inachunguza historia ya swali hilo katika jamii za wachache wazungumzao Kifaransa nchini Kanada, yaani zile zilizo nje ya jimbo la Québec, na inauliza ni kwa namna gani historia hiyo imeelekeza msaada uliotolewa kwa wanawake wahamiaji.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msaada huo haukuamuliwa kwanza na ukubwa wa mahitaji ya wanawake. Uliamuliwa na namna serikali na jamii hizo zilivyofafanua nani ni Mfrankofoni. Ufafanuzi wenyewe ulijengwa tangu mwanzo kuzunguka mama na mtoto: lugha aliyojifunza mtu kwa mama yake, lugha inayosemwa nyumbani, shule anayosoma mtoto. Ndiyo maana umemwelemea mwanamke mhamiaji kuliko mume wake, hata pale wote wawili walipofika kwa ndege moja na kwa karatasi moja.

Neno utangamano linatumika hapa kwa maana ya watu kuishi pamoja huku kila upande ukikubali kubadilika; halina maana ya mgeni kumezwa na mwenyeji. Uchunguzi unaegemea zaidi Ontario, penye idadi kubwa kuliko zote ya wazungumzaji wa Kifaransa nje ya Québec, ingawa Manitoba na maeneo ya kaskazini yatatajwa inapobidi. Masuala mawili yanayounganishwa hapa, yaani mapambano ya shule za Kifaransa na uhamiaji wa Waafrika, mara nyingi husomwa kandokando: la kwanza na wanahistoria, la pili na wanasosholojia. Amal Madibbo, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wahamiaji weusi wazungumzao Kifaransa, alilipa tatizo hili jina linalofaa alipowaita wachache ndani ya wachache. Insha hii inarudi nyuma zaidi ya hapo ili kuona uchache wa kwanza ulivyojengwa kabla ya uchache wa pili kuwasili.

Akina mama wenye pini za kofia

Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyozuia Kifaransa kutumika kufundishia isipokuwa katika miaka miwili ya mwanzo ya shule. Manitoba ilifuata mwaka 1916 kwa kufuta shule zake za lugha mbili. Kwa familia za Wakanada Wafaransa, ambazo nyingi zilikuwa za wakulima, wakata miti na vibarua wa mijini, pigo hilo liligusa chombo pekee, mbali na kanisa, kilichoweza kuihifadhi lugha yao kutoka kizazi hadi kizazi.

Tukio linalokumbukwa kuliko yote lilitokea Ottawa, Januari 1916, katika shule ya Guigues. Dada wawili walimu, Béatrice na Diane Desloges, walikuwa wamekataa kutii kanuni na kuondolewa kazini. Wakaendelea kuwafundisha watoto nje ya jengo la shule, kisha wakarudishwa darasani na wazazi wenyewe. Akina mama wa mtaa waliilinda milango ya shule dhidi ya polisi, wakiwa na silaha walizokuwa nazo: pini ndefu za kufungia kofia na vyombo vya jikoni. Polisi walirudi nyuma. Kanuni ya 17 iliendelea kuwapo katika vitabu, lakini kufikia mwaka 1927 serikali iliacha kuitekeleza.

Simulizi hili hurudiwa kwa fahari hadi leo, na lina haki ya kurudiwa. Linafaa hata hivyo kusomwa kwa jicho la pili. Wanawake wale hawakuwa na kura; wanawake wa Ontario walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo mwaka 1917. Nguvu waliyoitumia ilitokana na umama wao. Walilinda mlango kwa sababu watoto waliokuwa ndani walikuwa wao, na lugha iliyokuwa ikifundishwa ilikuwa ya nyumbani kwao. Mama, nyumba, parokia na shule vilifungamana kuwa kitu kimoja, na kitu hicho kikaitwa taifa.

Kazi hiyohiyo ilipewa umbo la chama. Mwaka 1914 Almanda Walker-Marchand aliwakusanya wanawake wa Ottawa na kuanzisha shirikisho la wanawake Wakanada Wafaransa, kwanza kwa ajili ya kuwasaidia askari wa Vita Kuu ya Kwanza na familia zao. Vita vilipokwisha shirikisho halikufa. Liliendelea na huduma za hisani na utetezi wa lugha, likavuka mipaka ya Ontario, na baada ya kubadili jina zaidi ya mara moja bado lipo leo kama Alliance des femmes de la francophonie canadienne. Mtu anayetaka kujua ni nani aliyejenga huduma za kijamii za Kifaransa nje ya Québec kabla ya serikali kuanza kuzilipia, na aanzie kwenye kazi hii ya wanawake isiyolipwa. Ilikuwa kazi kubwa, na ilikuwa kazi ya jamii iliyojuana kwa majina na kwa ukoo. Mgeni hakuwa sehemu ya fikra zake, kwa kuwa katika miaka ile mgeni alikuwa ni yule aliyekuja na Kiingereza.

Kifungu cha 23

Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1969 ilikipa Kifaransa hadhi sawa na Kiingereza katika vyombo vya serikali kuu. Mwaka huohuo New Brunswick ikawa jimbo lenye lugha mbili rasmi, na hadi leo ndilo pekee lenye hadhi hiyo. Kwa insha hii, hata hivyo, maandishi yenye uzito zaidi ni kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982, ambacho kiliwapa wazazi haki ya kuwasomesha watoto wao kwa lugha rasmi ya wachache wa jimbo lao.

Wazazi gani? Kifungu kinawataja kwa uangalifu. Ni raia wa Kanada. Na kati ya raia hao, ni wale ambao lugha ya kwanza waliyojifunza na ambayo bado wanaielewa ni ile ya wachache, au waliosoma shule ya msingi kwa lugha hiyo ndani ya Kanada, au ambao mtoto wao mmoja amekwisha kusomeshwa kwayo nchini humo. Mwanamke wetu wa Uvira hapiti. Anapofika si raia. Akija kupata uraia baada ya miaka, lugha yake ya kwanza bado ni Kiswahili. Shule yake ya msingi ilitumia Kifaransa, lakini haikuwa Kanada.

Walioandika kifungu hicho hawakukusudia kumfungia nje. Walikuwa wakiponya jeraha la 1912, na dawa waliipima kwa mwili wa waliojeruhiwa. Haki hiyo ilizaa matunda: baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Mahe dhidi ya Alberta, mwaka 1990, wazazi walipata haki ya kusimamia shule zao pale idadi yao ilipotosha. Manitoba ikapata mamlaka yake ya shule za Kifaransa mwaka 1994, na mwaka 1998 Ontario ikapata bodi za shule za Kifaransa kwa jimbo lote. Lakini mtoto asiyekuwa na mzazi mwenye haki aliingia kwa hisani tu. Huko Ontario ombi lake lilipelekwa mbele ya kamati ya udahili yenye watu watatu: mwalimu mkuu, mwalimu mmoja wa shule hiyo, na mkaguzi anayezungumza Kifaransa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona haraka ugumu wa kipimo cha lugha ya kwanza kujifunza. Muulize mtu aliyekulia Kigoma au Bujumbura lugha yake ya kwanza, naye atasita: ya bibi kijijini, ya mtaani, au ya darasani? Kipimo hiki kilitungwa kwa ajili ya nchi iliyojiona kuwa na nyumba za aina mbili tu.

Kifaransa cha nani?

Miaka ambayo bodi za shule zilikuwa zikisimama ndiyo miaka ambayo wahamiaji kutoka Afrika walianza kuonekana kwa wingi katika madarasa yake. Monica Heller, aliyeichunguza shule moja ya sekondari ya Kifaransa mjini Toronto katika miaka ya 1990, alikuta humo vijana wenye asili ya Kisomali pamoja na Wakanada Wafaransa wa kuzaliwa, kila kundi likiwa na Kifaransa chake na wazo lake la shule hiyo ni ya nani. Vita vya Rwanda, Burundi na Kongo viliongeza wimbi hilo. Wengi wa waliotoka mashariki ya Kongo na Bujumbura walikuwa wasemaji wa Kiswahili.

Watu hao waliandikwa katika mipango ya serikali kama Waafrika Wafrankofoni, kana kwamba Kifaransa kiligawiwa sawa kwa wote huko walikotoka. Sivyo. Katika Afrika ya Wabelgiji elimu ya msingi kwa walio wengi ilitolewa kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, na Kifaransa kiliwekwa kwa wachache waliotayarishwa kuwa makarani, wauguzi na mapadri. Wachache hao walikuwa wanaume. Wake zao walipelekwa katika vituo vilivyoitwa foyers sociaux, kama kile cha Usumbura kilichofunguliwa mwaka 1946, wakafundishwa kushona, kupika na usafi wa nyumba. Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kuhitimu chuo kikuu, alipata shahada yake Lovanium mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru.

Pengo hilo lilipungua baada ya uhuru lakini halikufungika, na vita vililifungua upya. Familia zilizokimbilia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, ziliwasomesha watoto kwa mtaala wa Kongo na hivyo kwa Kifaransa. Zilizokimbilia Uganda ziliwasomesha kwa Kiingereza. Katika zote mbili, Kiswahili ndicho kilichobaki lugha ya kuteka maji, ya ibada na ya kuuguza. Hivyo familia moja inayotua Winnipeg inaweza kuwa na baba mwenye Kifaransa cha ofisini, mama mwenye Kifaransa cha darasa la nne, na watoto wenye Kiingereza cha Nakivale. Serikali humwandika baba kuwa mwombaji mkuu, na lugha ya familia ikasomwa kutoka kwake.

Hili lina athari katika namna ya kupanga msaada. Mwanamke huyo hahitaji kutafsiriwa fomu tu. Anahitaji Kifaransa ili aingie katika jamii inayomkaribisha, na anahitaji Kiingereza ili apate ujira, kwa kuwa kazi nyingi za Winnipeg au Sudbury hufanywa kwa Kiingereza hata pale wenye asili ya Kifaransa ni wengi. Mhamiaji wa Montréal ana lugha moja ya kuanza nayo. Mhamiaji wa Saint-Boniface ana mbili, na muda wa kujifunza zote mbili ndio kitu ambacho mama wa watoto wadogo hana.

Kuhesabiwa

Jamii za wachache zenyewe zilikuwa na hofu yake. Kwa kipimo cha lugha rasmi ya kwanza inayozungumzwa, wazungumzaji wa Kifaransa nje ya Québec walikuwa asilimia 6.1 ya wakazi mwaka 1971. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 3.3. Uzazi ulishuka, ndoa za mseto ziliongezeka, na karibu wahamiaji wote waliingia upande wa Kiingereza. Mwaka 2003 serikali kuu na wawakilishi wa jamii hizo walikubaliana lengo: asilimia 4.4 ya wahamiaji wanaokwenda nje ya Québec wawe wazungumzaji wa Kifaransa, sawa na uzito ambao jamii hizo zilikuwa nao wakati huo. Lengo hilo lilipangwa kufikiwa mwaka 2008, likasogezwa hadi 2023, na likafikiwa mwaka 2022.

Katika kipindi hichohicho mitandao ya uhamiaji wa Kifaransa iliundwa katika majimbo, na huko Manitoba shirika la Accueil francophone lilianza kuwapokea wageni mwaka 2003. Mabadiliko yenye maana zaidi kwa hoja yetu yalitokea Ontario mwaka 2009, pale serikali ya jimbo ilipopitisha ufafanuzi jumuishi wa Mfrankofoni. Tangu hapo walihesabiwa pia wale ambao lugha yao mama si Kifaransa wala Kiingereza, mradi wanakijua Kifaransa na wanakitumia nyumbani. Karibu watu 50,000 waliongezeka kwa kalamu moja. Mwaka huohuo wizara ya elimu ya jimbo ilitoa waraka uliozitaka bodi za shule za Kifaransa kuweka taratibu za udahili zilizo wazi zaidi kwa watoto wa wahamiaji.

Ilikuwa hatua ya kweli. Lakini sharti la mwisho, la kukitumia Kifaransa nyumbani, halijapewa uzito unaostahili na walioisifu. Nyumba ndipo mwanamke mhamiaji alipobaki na Kiswahili chake. Mume anayezungumza Kifaransa kazini hapimwi kwa kazi yake; familia inapimwa kwa kinachosemwa mezani, na mezani ni mama anayesema. Ili ahesabiwe, na ili kuhesabiwa kwake kuisaidie jamii ya wachache kupata shule, muuguzi au ofisi yenye huduma ya Kifaransa, anatakiwa awasemeshe wanawe kwa lugha aliyoijua kwa mwalimu. Akina mama wa Guigues waliilinda lugha ya nyumbani kwao dhidi ya dola. Mama huyu anaombwa kuilinda lugha ileile kwa kuiondoa ya kwake jikoni.

Inaweza kupingwa kwamba sensa ya Kanada hukubali zaidi ya lugha moja ya nyumbani, na kwamba hakuna aliyekatazwa Kiswahili. Ni kweli. Hoja hapa haihusu katazo. Inahusu mzigo, na ni nani aliyeubeba.

Msaada ulivyomfikia

Kabla ya miaka ya 1990 mafunzo ya lugha yaliyogharimiwa na serikali kuu yalielekezwa kwa waliotarajiwa kuingia kwenye soko la ajira, na mke aliyefika kama tegemezi wa mumewe mara nyingi aliachwa nje. Mfumo mpya wa mwaka 1992 uliwafungulia darasa wahamiaji wote wazima ambao bado si raia, na ukaruhusu malezi ya watoto wakati mama yuko masomoni. Kwa maoni ya mwandishi, kifungu hicho cha malezi, ambacho katika nyaraka hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, kilifanya kazi kubwa kuliko kurasa nyingi za mikakati. Tatizo lilibaki kwamba madarasa mengi yalikuwa ya Kiingereza.

Sehemu nyingine ya msaada ilitoka kwa wanawake wenyewe. Mwaka 1988 mashirika ya Ontario yanayopinga ukatili dhidi ya wanawake kwa lugha ya Kifaransa yaliunda umoja wao, Action ontarienne contre la violence faite aux femmes, na miaka iliyofuata ilishuhudia vituo na nyumba salama vikifunguliwa. Huduma hizo zilidaiwa kwa jina la Wafrankofoni wa kuzaliwa. Ndizo zilizokuja kuwapokea wanawake wa Kiafrika ambao, wakiwa na mume mwenye Kiingereza kuliko wao, wasingeweza kueleza mkasa wao kwa polisi. Urithi wa Walker-Marchand ulifanya hapa jambo ambalo yeye hakulifikiria. Wanawake wahamiaji hawakungoja kupokewa tu. Mwanzoni mwa karne hii walianzisha vyama vyao, kama vile Mouvement ontarien des femmes immigrantes francophones, vikidai utambuzi wa vyeti na ajira, si hisani.

Utambuzi wa vyeti ndio uliokwenda polepole kuliko yote. Muuguzi au mwalimu aliyefunzwa kwa Kifaransa Bukavu hukutana na bodi ya taaluma inayotaka mitihani na uzoefu wa Kanada. Shule za Kifaransa zililia uhaba wa walimu miaka ile ile ambayo wanawake waliokuwa wamefundisha maisha yao yote walifagia korido za hospitali.

Mwaka 2023

Matukio mawili ya mwaka 2023 yanafunga kipindi cha uchunguzi huu. Mwezi Juni marekebisho ya Sheria ya Lugha Rasmi yaliidhinishwa. Yaliilazimu serikali kuu kuwa na sera ya uhamiaji wa wazungumzaji wa Kifaransa yenye malengo na viashiria, kwa nia ya kuurudisha uzito wa jamii hizo kwenye kiwango cha mwaka 1971. Lengo la wahamiaji lilipandishwa hadi asilimia 6 kwa mwaka 2024. Wahamiaji wenyewe, wengi wao kutoka Afrika, wakawa rasmi tegemeo la idadi ya Wafrankofoni.

Mwezi Desemba Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika shauri lililotoka Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, ambako waziri wa elimu alikuwa amekataa kuwadahili katika shule za Kifaransa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na haki chini ya kifungu cha 23, ijapokuwa tume ya shule hizo iliwapendekeza. Mahakama iliyabatilisha maamuzi ya waziri. Ilisema kwamba anapoamua maombi ya namna hiyo hana budi kuyapima maadili yaliyo nyuma ya kifungu, yaani kuhifadhiwa na kustawi kwa jamii ya wachache, hata kama mwombaji hana haki yenyewe.

Hukumu hiyo haikumpa mzazi haki mpya. Ilimpa waziri wajibu wa kufikiri. Sababu iliyokubaliwa ya kumfungulia mtoto mlango ni faida ya jamii inayompokea. Mwanamke wa Uvira akifika leo na mtoto wa miaka sita, bado ataomba. Atajaza fomu, ataitwa mbele ya kamati, na kwenye mstari unaouliza lugha ya kwanza aliyojifunza mzazi ataandika Kiswahili.